Mdogo wangu amezuiliwa hospitalini chini ya kifungu cha 2: ana haki gani, na nani anaweza kumtoa?

Swali: Naishi Coventry na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 26. Ijumaa iliyopita usiku polisi walimkuta barabarani akiongea peke yake, wakamchukua. Jumamosi akalazwa wodi ya afya ya akili chini ya kifungu cha 2. Leo ni Jumatano. Ananipigia simu analia, anasema anachomwa sindano asizozitaka na hataki kukaa pale. Mama yuko Tanga, anataka kupanda ndege aje amtoe. Mjomba wetu wa Leicester anasema yeye ndiye mkubwa wa familia hapa, atakwenda kusaini. Tuna kaka mkubwa pia, yuko London. Nani kati yetu ana sauti? Na yeye mwenyewe ana haki gani humo ndani? Mama anauliza pia kama tutaletewa bili.

Jibu: Pole sana, dada, na pole kwa mama. Nianze na lenye haraka, maana lina tarehe.

Mgonjwa aliyezuiliwa chini ya kifungu cha 2 cha Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983, sheria ya England na Wales (ni kuzuiliwa kwa uchunguzi, hadi siku 28), anaweza kuomba baraza la rufaa la afya ya akili limwachie. Maombi hayo anayapeleka mara moja tu, na lazima yafike ndani ya siku 14 za kwanza. Siku aliyolazwa ndiyo siku ya 1, hata kama aliingia saa tano usiku. Ikiwa hospitali ilipokea karatasi zake Jumamosi, leo ni siku ya 5, na siku ya 14 ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kifungu chenyewe kinakwisha usiku wa manane wa siku ya 28, nayo itaangukia Ijumaa. Saa alizokuwa mikononi mwa polisi kabla ya hapo hazimo kwenye hesabu hii.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya mjomba kuwasha gari, mpigie mdogo wako umwambie amwambie muuguzi wa zamu maneno mawili: anataka kukata rufaa, na anataka wakili. Fomu ya maombi ni T110 na wodi inapaswa kumsaidia kuijaza. Asiridhike kusikia "tumeituma." Aulize imetumwa siku gani, saa ngapi, na apewe nakala. Kesi moja iliyofika Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2013 ilianza hivyo hivyo: mgonjwa alikabidhi fomu yake kwa wahudumu wa wodi, ikalala hapo sikukuu za mwaka mpya zikipita, ikatumwa baadaye, na baraza likaikataa likisema imechelewa. Njia salama zaidi ni wakili aitume mwenyewe.

Wakili wa mgonjwa aliyezuiliwa, kwa shauri la baraza hili, analipwa na serikali bila kuangalia kipato wala akiba. Hakuna fomu ya mishahara, hakuna kuchangia. Kila wodi ina orodha ya mawakili wa eneo lake, na mgonjwa ana haki ya kuchagua yeyote. Halazimiki kumchukua anayeonekana wodini kila siku. Chagueni aliye kwenye jopo la mawakili wa afya ya akili la Law Society, chama cha mawakili wa England na Wales, kwa sababu wakili wa mirathi au wa uhamiaji, hata awe hodari vipi, hatajua wapi pa kugusa kwenye ripoti ya daktari. Na kama mdogo wako amechanganyikiwa kiasi cha kushindwa kumwelekeza wakili, baraza lenyewe linaweza kumteulia mmoja.

Baada ya maombi kupokelewa, kikao cha kifungu cha 2 kinatakiwa kukaa ndani ya siku chache. Wajumbe ni watatu: jaji, daktari, na mjumbe wa tatu mwenye ujuzi wa mambo ya huduma za afya au ustawi wa jamii. Wanasikiliza daktari mwenye dhamana ya mgonjwa, muuguzi, na mtu aliyeandika ripoti ya hali ya maisha yake nje. Mgonjwa anazungumza, wakili wake anauliza maswali. Siku hizi vikao vingi hufanyika kwa video, na anayetaka ana kwa ana anapaswa kulisema hilo mapema.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, na kosa hilo linauma kulitazama. Wanakuja na hasira kuhusu polisi: walivyomshika, walivyomfunga pingu, walivyomtia ndani ya gari. Yanaweza kuwa ya kweli yote, na yana njia yake ya malalamiko. Lakini baraza haliulizi kilichotokea Ijumaa iliyopita. Linauliza hali ya leo: je, leo hii ana ugonjwa wa akili wa aina au kiwango kinachohalalisha azuiliwe kwa uchunguzi, na je, inalazimu azuiliwe kwa ajili ya afya yake, usalama wake, au usalama wa watu wengine? Mzigo wa kuthibitisha uko juu ya hospitali. Ikishindwa kuthibitisha, baraza halina hiari, ni lazima limwachie.

Ndiyo maana ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni mpango wa nyumbani. Andika ukurasa mmoja: atalala wapi, nani atakuwepo usiku, nani atahakikisha anameza dawa, atapelekwa kliniki na nani, na mtafanya nini ikiwa hali itabadilika saa nane usiku, namba gani mtapiga. Ukiahidi usichokiweza, daktari atakuuliza maswali mawili tu na mpango utaporomoka. Kama unafanya kazi zamu za usiku, sema, kisha useme nani atakuwepo badala yako. Mpe wakili karatasi hiyo siku mbili kabla ya kikao.

Akishindwa barazani, bado kuna mlango mwingine. Kila hospitali ina mameneja wa hospitali kwa maana ya sheria hii, nao wana jopo la watu wasiopungua watatu ambao si waajiriwa wa hospitali. Jopo hilo linaweza kumwachia. Maombi kwao hayana kikomo cha siku 14, ingawa kusema kweli huachia watu wachache na huchelewa kukaa, kwa hiyo usiyafanye kuwa mbadala wa baraza.

Sasa, nani ana sauti

Sheria inamtaja mtu mmoja tu kwenye familia na kumpa mamlaka: ndugu wa karibu kisheria. Hapatikani kwa ukubwa wa umri katika ukoo, wala kwa kuchaguliwa na kikao cha familia. Kuna orodha, na anayeanza juu ndiye: mume au mke (pamoja na anayeishi na mgonjwa kama mwenzi kwa miezi sita au zaidi), mtoto, baba au mama, kaka au dada, babu au bibi, mjukuu, mjomba au shangazi na wengine wa ngazi hiyo, kisha mpwa. Kwenye ngazi moja wakiwa wawili, mkubwa kwa umri ndiye anayehesabiwa, na wa baba na mama mmoja hutangulia wa kuchangia mzazi mmoja.

Orodha hiyo ina kanuni mbili zinazoigeuza, na zote zinawahusu ninyi. Ya kwanza: kama mgonjwa anaishi kwa kawaida Uingereza, ndugu asiyeishi Uingereza hahesabiwi kabisa. Mama, pamoja na uchungu wake wote, hayumo kwenye hesabu maadamu makazi yake ni Tanga, na kuja kwa ziara hakumrudishi. Ya pili: ndugu anayeishi na mgonjwa, au anayemtunza, anapanda juu ya wote. Mdogo wako alikuwa anaishi kwako kabla ya kulazwa. Kama hana mke, mwenzi wala mtoto anayeishi naye, basi ni wewe, dada, na si kaka wa London aliyekuzidi umri, wala mjomba.

Hilo mlimalize nyumbani kwa heshima yake. Mjomba anaweza kukaa kwenye mazungumzo na kuwa nguzo yenu, ila sahihi yake haina uzito wodini. Kama unaona mzigo ni mkubwa, unaweza kumkabidhi mtu mwingine nafasi hiyo kwa maandishi, kaka kwa mfano, naye akikubali hospitali inamtambua. Na unaweza kuirudisha kwako wakati wowote.

Ndugu wa karibu anaweza nini? Anaweza kuandika amri ya kumtoa mgonjwa. Ni amri, si ombi. Barua fupi inatosha: jina lako, kwamba wewe ni ndugu wa karibu wa fulani, kwamba unaagiza aachiwe, tarehe, saa, sahihi. Iandike kwa Kiingereza. Unatakiwa utoe notisi ya saa 72 kabla amri haijafanya kazi, na saa hizo zinaanza barua inapofika kwa mtu aliyeruhusiwa kuipokea kwa niaba ya mameneja. Usimwachie muuguzi anayepita kwenye korido. Ipeleke kwenye ofisi ya Sheria ya Afya ya Akili ya hospitali hiyo, kila hospitali inayo, na uombe iandikwe saa iliyopokelewa.

Ndani ya saa hizo 72 daktari mwenye dhamana anaweza kuizuia amri yako, lakini kwa sababu moja tu: aandike kwamba mgonjwa akitoka yaelekea atafanya jambo la hatari kwa wengine au kwake mwenyewe. Angalia kipimo hicho kilivyo kizito kuliko kile cha kumlaza. Kumlaza kunaweza kusimama juu ya afya yake peke yake. Kuizuia amri yako kunahitaji hatari. Ikizuiwa, hutaweza kutoa amri nyingine kwa miezi sita, na kwa kifungu cha 2 wewe mwenyewe huna rufaa barazani. Mameneja wanapaswa hapo kufikiria kukaa kikao, basi waombe mara moja kwa maandishi.

Rai yangu: usiitoe amri hiyo wiki hii. Mtu aliyekutwa barabarani siku tano zilizopita, na bado analia kwenye simu, ni rahisi kwa daktari kuandika neno hatari juu yake, na utakuwa umeitupa silaha yako ya miezi sita. Peleka rufaa ya baraza kwanza, itunze amri.

Itunze kwa sababu kuna simu inayoweza kukujia karibu na siku ya 28. Kifungu cha 2 hakiongezwi muda. Wakitaka aendelee kuzuiliwa lazima watumie kifungu cha 3, ambacho ni cha matibabu, kinachukua hadi miezi sita, kisha kinaweza kurudiwa miezi sita mingine, halafu mwaka mwaka. Kwa kifungu cha 2 walitakiwa tu kukujulisha. Kwa kifungu cha 3, mtaalamu aliyeidhinishwa wa afya ya akili, wodini wanamwita AMHP na mara nyingi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, anatakiwa akushauri kabla, isipokuwa haiwezekani au itachelewesha mambo isivyostahili. Ukipinga, hawezi kuendelea. Ila upinge kwa neno lililo wazi. Ukisema "sijui," au "nyie ndio madaktari," hujapinga. Uliza kwanza: kwa nini asibaki kwa hiari yake? Matibabu gani hasa yamebaki ambayo hayawezi kutolewa akiwa nyumbani? Kisha jibu ndiyo au hapana, na uandike tarehe na jina la aliyekupigia.

Nikuonye pia upande wa pili. Wakiona upingaji wako hauna msingi, wanaweza kwenda mahakama ya kaunti kuomba uondolewe kwenye nafasi hiyo, na maombi yakiwasilishwa kabla ya siku ya 28, kifungu cha 2 kinaendelea mpaka mahakama imalize. Kupinga kwa kishindo bila mpango kunaweza kumwongezea siku badala ya kumpunguzia.

Jambo moja zaidi kuhusu tarehe zote hizi. Muswada wa kuifanyia sheria hii marekebisho makubwa uliwasilishwa Bungeni Novemba 2024, na ukawa sheria Desemba 2025. Unagusa muda wa rufaa, muda wa kifungu cha 3, na nafasi ya ndugu wa karibu, ambayo inakusudiwa kuchukuliwa na mtu anayeteuliwa na mgonjwa mwenyewe. Mabadiliko ya ukubwa huo huanza kwa awamu, kwa hiyo linganisha niliyoandika na karatasi ya haki atakayopewa wodini, na umuulize wakili kipi kimeanza kutumika. Kama mgonjwa yuko Scotland au Ireland ya Kaskazini, sheria ni nyingine kabisa.

Karatasi zake

Mwambie mdogo wako aombe nakala za karatasi zilizomlaza. Zinatakiwa kuwa maombi ya AMHP, fomu A2, na mapendekezo ya madaktari wawili, mmoja wao akiwa ameidhinishwa kwa magonjwa ya akili. Kama walimpima kwa nyakati tofauti, zisipite siku tano kamili katikati ya kipimo kimoja na kingine. Jina lililoandikwa vibaya au tarehe iliyorukwa vinaweza kurekebishwa ndani ya siku 14 na havimtoi mtu. Fomu isiyo na sahihi, au pendekezo la daktari mmoja pale panapotakiwa wawili, hilo ni tundu ambalo halizibwi, na wakili atajua la kufanya. Kwa majina yetu, lipi la kwanza na lipi la baba, makosa ya tahajia ni ya kila siku; msiyajengee matumaini.

Sindano

Hapa nitasema ukweli usiopendeza. Kwa aliye chini ya kifungu cha 2 au cha 3, sheria inaruhusu dawa za ugonjwa wa akili kutolewa bila ridhaa yake kwa miezi mitatu ya mwanzo, ikihesabiwa tangu dozi ya kwanza akiwa amezuiliwa. Baada ya hapo lazima aridhie akiwa na uwezo wa kuelewa, au daktari huru kutoka nje, anayeitwa SOAD, aje amwone, azungumze na watu wengine wanaomhudumia, na aidhinishe kwa maandishi. Kuna dharura zinazoruhusiwa nje ya utaratibu huo, lakini ni za kuokoa maisha au kuzuia hali kuharibika vibaya.

Hata hivyo, kuruhusiwa kutoa bila ridhaa hakumwondolei daktari wajibu wa kuitafuta ridhaa kwanza. Mdogo wako ana haki ya kuambiwa jina la dawa, kipimo chake, sababu, madhara yake, na kama kuna nyingine. Anaweza kuomba vidonge badala ya sindano, kuanzishiwa kipimo kidogo, au dawa isiyomlaza siku nzima. Mara nyingi sindano hutolewa kwa sababu kidonge kimekataliwa, na akikubali kidonge, sindano hukoma siku hiyo hiyo. Kama kikwazo ni kapsuli zenye jelatini ya nguruwe, aseme hivyo waziwazi, maana mfamasia anaweza kutafuta namna nyingine na wauguzi wasipoambiwa wataandika tu "amekataa dawa." Akichomwa sindano ya kumtuliza kwa nguvu, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, upumuaji, joto la mwili na fahamu vinapaswa kupimwa angalau kila saa mpaka wasiwasi uishe.

Mwulize kwenye simu kama shingo inakakamaa, macho yanapinda juu, au taya na ulimi vinavutika. Hayo ni madhara ya baadhi ya dawa hizi, yanatisha, na yana dawa yake inayofanya kazi haraka. Amwambie muuguzi papo hapo, na wewe upige wodi usisitize. Ulimi au koo vikianza kuzuia pumzi, hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo.

Tiba ya umeme ya kichwa ina ulinzi mkubwa zaidi. Mgonjwa mwenye uwezo wa kuamua akikataa, hapewi, hata awe amezuiliwa, isipokuwa kwa dharura finyu sana. Na kifungu cha 2 hakigusi magonjwa ya mwili: kama ana jino bovu, kisukari au anahitaji upasuaji usiohusiana na akili yake, ridhaa yake inabaki vile vile kama ya mtu yeyote, na akikosa uwezo wa kuamua kuna sheria nyingine inayoongoza.

Maisha ya kila siku wodini

Hospitali inatakiwa imweleze haki zake kwa mdomo na kwa maandishi, mapema iwezekanavyo, na kurudia kama mara ya kwanza hakuelewa. Kumsomea mtu karatasi saa kumi alfajiri akiwa amelewa dawa, kisha kutia alama ya vema, hakutoshi. Kama Kiingereza chake hulegea akiugua, na hali hiyo humpata hata mtu aliyeishi nchini miaka mingi, aombe mkalimani wa Kiswahili. Ni bure. Usikubali wewe kuwa mkalimani kwenye kikao na daktari au barazani. Utalazimika kutafsiri maneno ambayo ndugu hapaswi kuyabeba, na utayapunguza makali bila kukusudia.

Ana haki ya mtetezi huru, IMHA, ambaye si mwajiriwa wa wodi. Huyu humweleza haki, hukaa naye kwenye mikutano ya madaktari, na anaweza kusoma rekodi zake kwa idhini yake. Ni bure, na hata wewe ndugu wa karibu unaweza kumwomba aende kumwona. Huyu na wakili wana haki ya kuzungumza naye faraghani.

Simu hazitakiwi kupigwa marufuku kwa wodi nzima kwa mkupuo. Wanaweza kuchukua waya wa chaji kwa sababu ya hatari ya kujinyonga, ila wanapaswa kuwa na namna ya kumchajia. Kizuizi chochote kwake binafsi lazima kiwe na sababu iliyoandikwa na kiangaliwe upya. Barua zake kwa baraza, wakili au mbunge hazizuiwi. Wageni wanaweza kukataliwa tu kwa sababu maalumu inayoandikwa. Swala, chakula halali, kiongozi wa dini kumtembelea: aombe siku ya kwanza, maana jikoni wanafuata walichoandikiwa.

Akifungiwa chumba cha peke yake, kuna ratiba: awe chini ya uangalizi muda wote, wauguzi wawili waangalie kila saa mbili kama bado inalazimu, na daktari kila saa nne mpaka timu nzima ikutane. Kuhusu kushikwa kwa nguvu, kuna sheria ya mwaka 2018 iliyotokana na kifo cha Seni Lewis, kijana aliyefariki mwaka 2010 baada ya kubanwa na polisi wakiwa wengi ndani ya hospitali ya Bethlem Royal, London. Sheria hiyo inailazimu kila wodi kuwa na mtu mmoja anayewajibika, sera iliyoandikwa, na rekodi ya matukio ya nguvu: sababu, muda, na aina ya nguvu. Familia zilipigania hilo kwa miaka, na linatumika pale tu mtu anapoliuliza. Mdogo wako akikwambia amebanwa sakafuni, mwambie wakili aiombe rekodi hiyo.

Kutoka hata kwenda dukani kunahitaji ruhusa ya kifungu cha 17, inayotolewa na daktari mwenye dhamana peke yake. Msimchukue "kidogo tu" kwenye gari bila hiyo. Polisi wanaweza kumrudisha, na jambo hilo litasomwa barazani.

Wodi ikikwambia "hatuwezi kukueleza chochote, ni siri," jua wanaweza kuzuiliwa kukupa taarifa kama mgonjwa amekataa, lakini hakuna kinachowazuia kukusikiliza. Waambie alianza lini kukosa usingizi, dawa gani zilimdhuru zamani, anavuta nini, anaogopa nini. Andika barua pepe ili ibaki kwenye faili. Ukiambiwa neno siri, uliza swali moja: yeye mwenyewe amekataa, au hajaulizwa?

Malalamiko kuhusu namna sheria ilivyotumika kwake, baada ya hospitali kushindwa kuyajibu, hupelekwa Care Quality Commission, tume inayosimamia ubora wa huduma za afya, kwa England.

Bili, na siku ya kutoka

Mwambie mama asihofu. Mkazi wa kawaida halipi. Hata mgeni asiye na haki ya matibabu ya bure ya NHS, huduma ya afya ya serikali, hatozwi kwa matibabu anayopewa akiwa amezuiliwa chini ya sheria hii. Tahadhari inahusu mgeni wa namna hiyo akiondolewa kifungu na kubaki wodini kwa hiari: kuanzia hapo anaweza kutozwa, kwa hiyo aulize kabla ya kukubali. Kama mdogo wako anapokea malipo ya PIP, yaani msaada wa serikali kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, toeni taarifa, maana husimama baada ya siku 28 hospitalini na mkinyamaza yatadaiwa.

Huenda akaambiwa "tunakutoa kwenye kifungu, ubaki kwa hiari." Hiyo ni habari njema, na akiwa wa hiari anaweza kuondoka. Lakini daktari wa wodi anaweza kumshikilia hadi saa 72 ili apimwe upya, na muuguzi hadi saa 6 akisubiri daktari. Akiambiwa "ukiondoka tutakurudisha kwenye kifungu," amwombe mtetezi wake aje siku hiyo hiyo. Hiari iliyosimamishwa juu ya tishio inahitaji kuulizwa.

Aliyetoka kifungu cha 3 ana haki ya huduma za baada ya hospitali bila malipo chini ya kifungu cha 117. Wa kifungu cha 2 hana haki hiyo, ingawa bado anastahili mpango wa kutokea. Kabla hajavuka mlango, upate kwa maandishi jina la mratibu wake wa nje, tarehe ya kuonwa ndani ya siku chache, dawa za kutosha mpaka hapo, na namba ya timu ya dharura inayopokelewa usiku.